Chupa ya Mama Pacha

"Usijifichue, Nyuki. Narudia, usijifichue."

Sauti ya Mkuu wa idara ya ujasusi ilitoka kwenye hereni ya sikio la kushoto. Nyuki aliendelea kufuta glasi. Angejibu vipi, na mdomo wa bastola unamtazama kutoka ng'ambo ya kaunta?

Mwenye bastola walimwita Tajiri. Baa ilikuwa yake, na chini ya makreti ya bia alisafirisha bunduki kwa watu waliotaka kuipindua serikali. Mchana huu lori la mwisho lilikuwa limefichwa mahali fulani mjini, likisubiri simu yake tu. Akipiga, mitambo ya idara ingeinasa simu na kujua lori lilipo. Ndiyo maana Nyuki, jasusi mzima mwenye medali, alikuwa na miezi kadhaa hapa akifuta glasi na kutukanwa na walevi.

"Kati yenu mmoja ni mpelelezi," Tajiri aliwaambia wahudumu wake wawili. Mlango alishaufunga kwa ndani. "Nipeni bia. Kila mtu yake, nione nani mhudumu kweli."

Nyuki alitoa chupa kwenye friji, akaisimamisha mbele ya Tajiri, akaifungua machoni pake na kuegesha kizibo juu ya mdomo wa chupa. Ndivyo Mama Pacha, mhudumu mwenzake, alivyomfundisha siku ya kwanza. "Mdogo wangu, mteja aione ikifunguliwa. Ukiifungulia chini, atasema umemtilia dawa."

Sasa zamu ilikuwa ya Mama Pacha mwenyewe.

Mwanamke aliyezeekea nyuma ya kaunta, leo chupa ilimponyoka. Akaidaka. Kwa woga akaifungulia kulekule chini, kwenye opena iliyopigiliwa ubavuni mwa kaunta.

Tajiri akatabasamu. "Mhudumu gani huyo?"

Bastola ikamgeukia.

"Bosi, naapa! Nina watoto, bosi, wananisubiri shuleni!"

"Kaa kimya, Nyuki," Mkuu alinong'ona. "Akimmaliza huyo, atatulia, atapiga simu. Lori litakuwa letu."

Hesabu ilikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichomchefua. Huyu mama alivua viatu vyake akampa Nyuki siku miguu ilipomvimba. Alimpa nusu ya kitanda chake. Na leo auawe kwa kosa la kuogopa?

"Ni mimi."

Tajiri akageuka.

"Mwache dada yangu. Mpelelezi ni mimi. Na lori lako tumeshalizingira. Mpigie dereva, uone kama atapokea."

Uongo mtupu! Lakini Tajiri naye alikuwa na roho, na roho ilimruka. Akachomoa simu kwa mkono wa kushoto.

"Uko wapi? Ondoka! Ondoka hapo sasa hivi!"

"Tumelinasa!" Mkuu alifoka sikioni. "Ghala la magodoro! Vijana, ingieni!"

Tajiri aliona uso wa Nyuki ukilegea, akajua ameingizwa mjini. Akainua bastola.

Muda wote huo mkono wa Nyuki ulikuwa ukitikisa chupa ya soda kisirisiri. Safari hii aliifungulia chini ya kaunta, akamwelekezea Tajiri.

Povu lilimpiga Tajiri machoni. Risasi ikavunja kioo cha ukutani. Nyuki alimshushia chupa kwenye kiwiko, bastola ikaanguka, na Tajiri alipopangusa macho alikutana na bastola ya Nyuki, Glock iliyokuwa imefichwa ndani ya ndoo ya barafu tangu asubuhi.

"Lala chini. Kifudifudi."

Akalala.

Vijana wa Mkuu walipomtoa na pingu, Mama Pacha bado alikuwa amekaa sakafuni, kanga imemvuka bega.

"Hivi wewe ni nani?" aliuliza.

Nyuki aligeukia friji. Alichukua soda, akaifungua mbele yake, akaegesha kizibo.

Mama Pacha aliitazama chupa, asiiguse.

"Nifungulie nyingine," alisema. "Hiyo sikuiona vizuri."

Iliuma kuliko risasi. Nyuki akafungua nyingine, polepole, karibu kabisa na macho yake. Mama Pacha akapokea. Akanywa, machozi yakimtoka.

"Nyuki, ripoti," Mkuu aliita. "Nyuki?"

Nyuki alivua aproni, akavua hereni na kuitumbukiza kwenye chupa iliyokataliwa. Akatoka nje kwenye jua, bila haraka.