Mtu Ndani ya Jitu

Kila asubuhi Djamila ndiye aliyefuta ubao wa darasa la sita kabla mwalimu Zéphirin hajaingia. Hiyo ilikuwa heshima ya mwanafunzi wa kwanza, na pale Kabambare hakuna aliyemnyang'anya kwa miaka miwili. Kisha akaja Fifi kutoka Salamabila, msichana mrefu kuliko wavulana wote, akapata kumi juu ya kumi kwenye imla. Kitambaa cha ubao akakabidhiwa yeye.

Roho ilimuuma Djamila.

"Unaliona lile jitu?" Djamila alimnong'oneza Deborah, jirani yake wa benchi. "Karibu litagonga paa."

Kufikia mapumziko neno lilikuwa limeenea. "Jitu iko nakuja! Kimbieni!" Fifi alikula muhogo wake peke yake, nyuma ya darasa. Djamila alicheka na wenzake.

Siku ya tatu Fifi hakuonekana. Mwalimu aliandika ubaoni: JITU.

"Neno hili limetoka wapi?"

Djamila alinyoosha mkono haraka. "Ni kiumbe cha kutisha, mwalimu. Kinakula watu."

"Hiyo ni maana. Mimi nauliza asili." Mwalimu alifuta herufi mbili za mwanzo, akaweka M mahali pake. "Mtu. Tunaongeza ji- tukitaka kukuza kitu, kama kisu kinavyokuwa jisu. Walimchukua mtu, wakamkuza mpaka akatisha." Akageuka. "Fifi naye, nani alimkuza hivyo?"

Djamila alisimama.

"Ni mimi, mwalimu. Nilimwonea wivu."

Mchana huo alimkuta Fifi uani kwao akitwanga sombe, majani ya muhogo ya kupika.

"Umekuja kutazama jitu?" Fifi aliuliza bila kuinua macho.

"Nimekuja kukuomba radhi. Mimi ndiye niliyeanza. Ulinipita, nikakasirika."

Fifi akamsukumia mchi. "Endelea wewe. Mikono yangu imechoka."

Kesho yake waliingia darasani pamoja. Mwalimu Zéphirin alingoja wote wakae.

"Wivu hauwezi kumpunguza mwenzako," alisema. "Unamvimbisha tu machoni pako, mpaka humwoni tena. Mwenzako akikupita, mfuate akufundishe. Na ukimkosea, nenda ukamwambie mwenyewe, kama alivyofanya Djamila."