Mamluki Aliyecheza kwa Jina Langu

Nina miaka kumi na minane, mzaliwa wa Shika Adabu, Likoni. Wasomaji wenzangu, hadi leo nikiona mpira wa voliboli nasikia kichefuchefu!

Sikuzaliwa na chuki hii. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa bubu mwenye ulimi. Chakula cha mchana nilikula peke yangu nyuma ya maabara. Voliboli ndiyo iliyonifungua kinywa, maana uwanjani usipopaza sauti "Wangu!" mpira unaanguka baina yenu. Nikapata marafiki, na wa chanda na pete akawa Riziki, nahodha wetu. Baba, kuli wa bandarini asiyejua hata kanuni za mchezo wenyewe, akawa hamalizi kuwasimulia majirani habari zangu.

Kisha tukafuzu fainali za kaunti... na mwalimu wa michezo akaleta mamluki! Jitu zima lililokwisha kumaliza shule, halijui hata darasa letu liko wapi. Ili acheze, ilibidi avae jina la mwanafunzi. Na nani aliyependekeza langu? Riziki! Alimwambia mwalimu kwamba mimi mpole, sitaleta maneno.

Nililia, nikakataa. Mwalimu akatishia kuwaambia wenzangu ni nani aliyewanyima kombe. Riziki akanishika bega. "Shoga yangu, usiwe na roho mbaya. Ni jina tu."

Ni jina tu! Nikakubali. Ningefanya nini, nirudi nyuma ya maabara?

Siku ya fainali nilipewa chupa za maji nibebe. Sikujua kwamba baba ameomba ruhusa kazini aje kunitazama. Mtangazaji alipoita "Mwanahamisi!", jina nililopewa la mama mzazi wa baba, mzee alisimama katikati ya watu akapiga makofi. "Mwanangu huyo!" Kisha akamwona aliyeinua mkono... Makofi yakakatika.

Akanitafuta, akanikuta na chupa zangu. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikamweleza yote.

"Jina la mamangu limekuwa leso, la kuazimana?" akauliza, akaenda zake.

Tulishinda. Kombe la haramu! Wakaimba, wakambeba mwalimu juujuu, na watoto wa kidato cha kwanza wakitazama na kujifunza. Riziki akaja kunikumbatia na jasho lake. Nilimsukuma, nikatapika pale pale. Wallahi, uso wake ulinitia kinyaa!

Wanasema michezo hufunza ushirikiano. Kweli, tulishirikiana... katika wizi!

Wazazi, mtoto akileta ushindi nyumbani, muulizeni umepatikanaje. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkiambiwa "ni jina tu", kataeni, hata mkisusiwa na shule nzima. Upweke huzoeleka, mimi naujua. Lakini tangu siku ile baba akinitaka jambo huniita "wewe binti". Naitika "abee, baba", nangoja angalau mara moja anitaje... Jina la mamake hajalitamka tena.