Gari Lililogoma Kunyamaza

Jua lilikuwa linazama Mama Vifungo alipoliingiza gari la marehemu kaka yake, lilelile alilofia ajalini, gerejini, gia namba moja, mkono kwenye breki ya mkono, amekalia gunia kwa sababu ya vioo vilivyovunjika. Mlango wa dereva ulikuwa umebonyea, umefungwa kwa waya. Mshona nguo huyu haendeshi zaidi ya mara mbili kwa mwaka, lakini leo kapita barabara kuu na gari lisiloshika breki, huku akiwatukana wote waliompigia honi. Hasira ndiyo iliyomleta.

Fundi alikuwa anafunga. Watu walimwita Daktari, maana alisikiliza injini kwa kipande cha mpira wa maji sikioni, uso ameukunja kama anayepima mgonjwa mahututi.

"Dada, pole na msiba. Njoo kesho."

"Kesho ukoo unakaa kunifukuza nyumba ya baba yangu. Utalitazama sasa hivi."

Msibani, Daktari huyuhuyu ndiye aliyesema mbele za watu, "Breki nilizishika mwenyewe, zilikuwa nzima. Huo ni mkono wa mtu." Basi! Macho yote yakamgeukia Mama Vifungo, kwa kuwa yeye na kaka yake waligombana wiki ileile ya ajali juu ya ukuta wa uani. Tangu hapo wifi yake hapokei hata maji mkononi mwake. Wateja wamekuja mmojammoja kuchukua vitambaa vyao, hata magauni yaliyobakiza upindo tu. Mchawi! Yeye, ambaye akiona mjusi tu, hukimbilia juu ya meza!

"Breki ngumu kama jiwe," alisema. "Unakanyaga, haziendi. Na injini haina sailensa, haitulii ikinguruma bila mwendo. Likisimama linapanda, linashuka. Sikiliza."

Wakasikiliza. Gari lilinguruma juu, likashuka karibu lizime, likapanda tena.

Kama kifua.

Daktari akaacha kufuta mikono.

"Haiwezekani," akasema chinichini.

"Nini hakiwezekani?"

"Hapana... nasema tu."

Akafungua boneti, akaweka mpira wake sikioni. "Likitetemeka hivi," alieleza, sauti imekauka, "mara nyingi linavuta hewa pasipotakiwa. Unatafuta panapofyonza." Akaipitisha ncha kwenye kabureta. Kimya. Akaipitisha kwenye ule mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye haidrovaki, lile sufuria jeusi linaloupa mguu nguvu ya kukanyaga breki.

Hapo akaganda.

Harufu ya petroli ilipotea. Badala yake ikaja harufu ya sigara... na dawa ya kuchua kifua.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi jasho la nini?"

Akamnyang'anya mpira wa kusikilizia, akauweka sikioni mwake.

Ssss... Ssss...

Kisha kikohozi. Kirefu, chenye mluzi mwishoni. Kikohozi alichokisikia nyuma ya ukuta tangu utotoni, akikilaani kwa kumnyima usingizi.

"Kidonge," ikanong'ona sauti. Hakuna mtu aliye hai aliyekuwa akimwita hivyo. "Mwambie atoe."

Mwingine angekimbia. Lakini hasira, nawaambieni, hasira ilimshika wima.

"Anasema utoe. Utoe nini?"

Mama Vifungo akaupapasa ule mpira mnene. Vidole vilivyozoea kutafuta kifungo kilichopotelea ndani ya bitana havikukawia. Katikati palikuwa na kitu kigumu. Akazima injini, akachomoa ufunguo, akaukata mpira kwa mkasi wake.

Bolti ikadondoka sakafuni.

"Ni yako?"

"Dada... gari lilikuwa linatetemeka. Haidrovaki ilivujisha hewa. Kaka yako ana haraka, anataka sailensa itulie. Nikaziba mpira kwa hiyo bolti. Ukiziba, injini inatulia palepale. Ndiyo maana nikasema leo haiwezekani litetemeke. Ilikuwa ya siku mbili tu, nitafute haidrovaki nyingine..."

"Na breki?"

"Zinakuwa ngumu."

"Ulimwambia?"

Daktari akaanza kufuta mikono upya.

"Ulimwambia, wewe mbwa?"

"Nilisahau."

"Ukala chakula cha msiba wake, ukafuta mdomo, ukasema mkono wa mtu! Kumbe mkono wenyewe ni huo, una grisi mpaka kwenye kucha!"

Daktari hakujua atazame wapi. Kwa mazoea tu ya kazi, akaziba ncha ya mpira uliokatwa kwa kidole gumba, kama afanyavyo siku zote kupima kama unafyonza.

Ukafyonza.

"Dada... zima gari."

"Limezimwa."

Wote wawili wakautazama ufunguo mkononi mwake.

Ssss...

Kidole kikazidi kuingia. Akavuta, wapi! Mashavu yakabonyea. Kifua kikaanza kuzama ndani ya ovaroli, midomo ikawa rangi ya majivu.

Na Mama Vifungo, Mungu amsamehe, alisimama akiangalia. Alitaka kuona mwisho. Mpaka wazo likamjia: huyu akifia hapa, kesho yeye ni mchawi mara mbili.

"Kaka, mwachie!" alinong'ona kwa ukali juu ya injini iliyozimwa. "Namtaka na mdomo wake! Mwachie aseme!"

Gari likakohoa. Kidole kikachomoka.

Asubuhi gari lilivutwa kwa kamba hadi getini kwa ukoo. Mama Vifungo akamwingiza Daktari sebuleni kwa kumshika ukosi, akaweka bolti na ufunguo mezani mbele ya watu wote.

"Sema."

Daktari akafungua mdomo.

Ssss...

Akajaribu tena, machozi yanamtoka. Hewa tupu.

Wifi akaruka kitini. "Mnaona? Kammaliza na fundi!"

Hakuna aliyeitazama bolti. Hata mmoja. Mama Vifungo alikuwa na maneno ya wiki tatu kooni, matusi, viapo, kilio. Akayameza. Akamwangalia wifi yake mpaka akaketi. Akamwangalia baba mdogo, aliyeshika karatasi ya kumfukuza. Kisha akavuta kiti.

"Haya," akasema taratibu. "Nani mwingine ana neno?"

Baba mdogo akairudisha karatasi mfukoni, polepole, kama asiyetaka isikike. Sebule nzima ilikuwa imebana pumzi.

Kilichokuwa kinapumua kilikuwa nje, getini. Kwa utulivu kabisa.

Na ufunguo ulikuwa mezani.