Kigemu Alichoacha Jackie

Jibu lilifika kabla Linah hajamaliza kuandika swali.

Alikuwa ameketi kitandani huko Kamere, mtaa wa wafanyakazi wa maua Naivasha, jua bado liko juu ya ziwa, akibonyeza herufi moja moja kwenye kigemu cha mkononi, kile kidude cha michezo cha zamani ambacho watoto walichezea kabla simu hazijaenea. Simu yake ilikuwa imezama kwenye ndoo ya maua kazini. Jackie, rafiki aliyeishi naye chumba kimoja kwa miaka, alipoolewa na kuhamia mtaa wa Kaptembwo alimwachia kigemu hicho. Fundi fulani alikuwa amekifanyia ujanja kikaingia WhatsApp.

"Tuchat na hii, dadangu," Jackie alisema, akikishindilia mkononi mwake. "Sema umekubali."

Linah akacheka. "Nimekubali, jameni."

Sasa alikuwa ameandika "Uko" tu, na jibu la Jackie likaingia: "Niko poa. Mbona unalia?"

Linah akajigusa shavu. Lilikuwa limelowa.

Alijiambia ni mambo ya network. Lakini chumba kikaanza kunuka. Kamere yote hunuka waridi, wafanyakazi hurudi nayo kwenye nguo, ila hii ilikuwa harufu ya maji ambamo maua yameoza siku nyingi. Hata akikizima kigemu, vibonye viliendelea kulia chini ya mto, tik, tik, kama mtu anayeandika bila haraka. Jioni moja akatoa betri, akaiweka mbali juu ya kabati, na bado vibonye vikalia, na skrini ikawaka, na kutoka kwenye kispika chake ikaja sauti ya Jackie, yenyewe kabisa, ikinong'ona kama mtu anayeogopa kuamsha mwenye nyumba, huku vidole vya baridi vikimshika Linah nywele kutoka nyuma na kuanza kuzisuka, taratibu, jinsi Jackie alivyomsuka kila Jumapili, na sauti ile ikasema: "Niache mimi. Mchukue Linah. Ananiamini, na hana mtu wa kumlilia."

Alikimbilia kwa jirani yake Chelimo bila viatu.

Kesho yake Chelimo, mkoba wenye kigemu begani, akampeleka kwa Maalim Shaban, mzee wa Naivasha aliyejulikana kwa kutoa majini. Maalim akasoma mpaka fulana yake ikalowa jasho. Kisha mdomo wa Linah ukafunguka wenyewe, na sauti nzito ikatoka.

"Sikuvunja mlango. Nilipewa huyu, naye akakubali."

Maalim akaacha kusoma. "Jini wa kupewa hatoki kwa kisomo," alisema polepole. "Aliyekutoa aseme kwa mdomo wake amekurudisha. Mpigie."

Chelimo akatoa simu yake.

"Jackie, ni mimi," Linah alisema.

Jackie hakumsalimu. Aliuliza chinichini: "Ilikwambia?"

"Nilisikia sauti yako. Sema tu umenirudisha. Sikukasirikii. Sema tu."

"Niko na mimba, Linah. Hiyo kitu ilianza kuongea na mtoto tumboni. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia! Tungekuja huku pamoja. Ningekushika mkono."

Jackie akavuta pumzi. Aliposema, alisema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Itakuzoea. Hata mimi ilinizoea."

Akakata. Chelimo akapiga tena na tena. Jackie hakushika simu.

"Iko njia nyingine," Maalim alisema, macho yake chini. "Kigemu hicho umpe mtu anayekupenda. Akikubali, imeisha kwako."

Chelimo akashtuka, akautazama mkoba begani mwake. Hakuutupa. Alibaki pale pale, akimtazama Linah kuona atasema nini.

Linah akanyoosha mkono. "Nipe. Hiyo ni yangu."

Waliporudi Kamere, Linah hakukubali kusindikizwa hadi ndani. Akafunga mlango, akakaa kitandani, harufu ya maua yaliyooza ikipanda kutoka sakafuni mpaka ikamfika kifuani, na ndani ya mkoba skrini ikawaka.

"Umefika salama, dada?" sauti ya Jackie ikauliza.

Linah akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Akajikaza, akatikisa kichwa, akalia. Lakini ilikuwa sauti ile ile aliyoipenda miaka yote, na sasa ilikuwa na huruma kuliko Jackie mwenyewe.

"Nimefika," akajibu.