Ukurasa wa Mafanikio

Duka la fotokopi mbele ya geti la chuo lilifurika wanafunzi, kila mmoja akipunga karatasi zake juu kama mpiga kura. Mhadhiri msaidizi wa siasa, gauni lake la kijani limeanza kulowa jasho mgongoni, alikuja kutoa nakala za maombi yake ya mkataba wa kudumu. Kamati ilikuwa inakaa saa nane mchana huohuo. Hakutegemea kumkuta mchumba wake pale, shati jeupe limenyooka, amekumbatia boksi la majarida.

"Mpenzi! Umenifuata hadi huku?"

"Nikufuate una nini? Hebu nione hilo jarida lako."

Lilikuwa jarida la idara, lenye mafanikio ya mwaka mzima, na mchumba ndiye mhariri. Kamati hulisoma kwanza, ndipo imwite mtu. Bibiye alifungua ukurasa wa kati, akaganda.

Miaka miwili alizunguka masokoni kuwahoji akina mama jinsi wanavyochagua viongozi wao. Alikanyaga matope, akafukuzwa na mbwa, na utafiti wake ukatwaa kikombe mbele ya vyuo kumi na vinne. Sasa kikombe chake kilikuwa pichani, mikononi mwa Mkuu wa Idara, na chini yake: "Idara yapata tuzo." Fundi aliyepaka rangi ofisi alishukuriwa kwa jina. Yeye hakuwepo popote.

"Jina langu liko wapi?"

Mchumba alishusha boksi. "Sikiliza, kipenzi. Mimi mhariri, wewe mchumba wangu. Nikikusifu watasema nakupendelea. Huo ni mgongano wa maslahi, naufundisha kila muhula! Kwa hiyo nikajitoa."

"Umejitoa? Mbona wewe upo ukurasa wa kwanza, na picha juu? Aliyetolewa ni mimi!"

Wanafunzi walishusha karatasi zao, wakageuka kuwatazama.

"Tusiongelee hapa, mpenzi."

"Hapahapa! Jikoni kwangu unaniita profesa wangu. Kwenye karatasi mimi ni nani?"

Bibiye akampokonya nakala moja, akatoka. Alikuwa na hasira ya kumtafuna mtu mbichi, na alikuwa na haki. Mwanamume anayekuficha ili yeye aonekane mwadilifu hajakulinda, kajilinda mwenyewe.

Simu ililia mara nne, akaikata mara nne. Ya tano alikuwa mama yake.

"Mwanangu, mkwe wangu kanipigia, sauti imemkauka."

"Ikauke, mama."

"Kakosea, lakini mwizi si yeye."

"Kashika ngazi, mama. Mwizi kapanda."

Mama akamwombea heri kwenye kamati.

Saa nane kasoro dakika mbili alisukuma mlango wa chumba cha mikutano. Wajumbe watano walikuwa wamekaa, Mkuu wa Idara kwenye kiti cha mbele. Mchumba wake alikuwa amesimama, lile shati jeupe limechafuka wino hadi kwenye kiwiko, anagawa ukurasa mmoja ambao bado ulikuwa na joto la mashine. Katikati palikuwa na jina la bibiye, kubwa, kamili.

"Wazee wangu, nimekosea," alisema. "Tuzo ni ya huyu. Nilimfuta kwa kuogopa maneno ya watu. Majarida yote nimeyazuia dukani, na uhariri naacha leo."

Mkuu alikunja uso. "Kijana, tuzo ya mtu wa idara ni ya idara."

"Basi na udaktari wako ni wa idara, mzee?" bibiye alidakia kutoka mlangoni. "Maana na mimi ni mtu wa idara."

Mjumbe mmoja mkongwe alicheka hadi akavua miwani. Mkuu hakucheka, ila alimwonyesha kiti. Mchumba akatoka, bibiye akakaa, akahojiwa saa nzima. Kila swali lilikuwa la masoko yake, na kila jibu alikuwa nalo. Kura zilikuwa nne kwa moja.

Alimkuta mchumba kwenye ngazi, anasugua wino kwa mate.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Bado umekasirika?"

"Sana."

Mchumba aliinamisha kichwa. "Tutaoana lakini?"

Bibiye alimtazama lile shati, asitabasamu.

"Tutaoana. Ila hasira hii siiachi kwa mama. Naja nayo."