Mgeni wa Bi Daulat

Utepe wa sauti ulikuwa bado haujaunganishwa, ndiyo maana Rameez alishtuka aliposikia filamu ikimwita kwa jina.

Ilikuwa saa nne asubuhi, katika karakana ya kukarabati filamu kuukuu alikofanya kazi mjini Toronto. Ile ya siku hiyo ilikuwa ya Kijapani, ya miaka ya sitini: kiumbe wa sayari nyingine kavaa mwili wa mwanamume, anaishi na mkewe, mke hana habari. Rameez aliipenda mno. Naye alijiona mgeni kila mahali, hata kwa mamake.

"Rameez," sauti ikarudia.

Mamake, Bi Daulat wa Tanga, alikuwa akimwonya tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. "Labeka," akajibu. Neno la Kiswahili lilikuwa halijamtoka kwa miaka.

Kwenye skrini yule mwanamume akageuka, na uso wake ulikuwa wa Rameez. Kisha akatoweka, na chumba kikanuka udi kama wa nyumbani kwa mamake.

Hofu ilimshika. Alimpigia mamake simu isipokewe, akapanda treni ya Pickering, alikoishi mamake, bila koti, akakimbia kutoka kituoni theluji ikimwingia viatuni, na alipofika mlangoni akasikia mamake akicheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu baba yake afariki, na sauti nyingine ikimtania kwa Kiswahili safi cha Tanga, nayo ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akaingia. Mwenye uso wake alikuwa mezani akila. Chini ya meza, mahali pa miguu, palikuwa na kwato.

"Mama, huyo si mimi," Rameez alinong'ona kwa Kiingereza. "Tazama chini. Soma Ayatul Kursi, tafadhali."

Bi Daulat aliinama akatazama. Aya ile ya kinga aliijua kwa moyo, na midomo yake ilianza kuitafuta. Kisha ikatulia.

"Miaka thelathini nakusemesha, wanijibu Kizungu," alisema taratibu. "Huyu kaja saa hii tu, kaniuliza nyumba yetu ya Tanga ilikuwa na madirisha mangapi."

"Mama, ni jini."

"Nimeona."

Akamsogezea yule sahani ya samaki, asimtazame tena Rameez.

"Ukitoka, funga mlango," alisema. "Baridi inaingia, na mwanangu hajamaliza kula."