Pomboo Aliyeacha Kuitika

Kila asubuhi kabla ya shule, Ohnmar alikaa mbele ya mtumbwi wa baba yake, U Paw Tun, katika mto Irawadi. Baba hakukosa kumpangusia ubao kwanza, asije akalowa. Kazi ya Ohnmar ilikuwa kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kijiti. Ko, ko, ko. Pomboo waliyemwita Pezi-Pengo huibuka, akawaswaga samaki hadi karibu yao, kisha akapunga mkia. Hapo Baba hutupa kimia. Samaki waliochomoka wavuni walikuwa wa pomboo. Babu naye alivua hivyo hivyo.

Wiki hiyo Pezi-Pengo hakuibuka hata mara moja. Zamani walikuja pomboo saba. Sasa alikuwa amebaki yeye na mtoto wake tu. Jioni, wakila wali, Baba alisema huenda naye amekufa, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda mjini kubeba matofali.

Ohnmar aliweka tonge chini.

"Baba, hajafa. Anatuogopa."

Akaeleza yote. Mjomba Htay, kaka wa mama yake, alikuwa amemwomba amgongee mara moja tu, akimsifu kwamba mkono wake unaitikiwa na pomboo kuliko wa baba yake. Pomboo alipokaribia, Mjomba alizamisha nyaya za betri majini. Samaki wakaelea matumbo juu. Pezi-Pengo aliruka kwa maumivu, akakimbia na mtoto wake.

"Mbona hukuniambia?" Baba aliuliza.

"Niliogopa hutanichukua tena."

"Nisingekuchukua," Baba akakiri. "Siku mbili hivi. Halafu nani angenigongea?"

Usiku uleule walikwenda kwa Mjomba. Mjomba alijitetea kwamba watoto wake nao wana njaa. Baba hakugomba, alimwambia umeme unaua hata samaki wa kesho, kisha akampa kimia chake cha akiba.

"Nimesahau kukitupa, shemeji," Mjomba alisema akiangalia chini.

"Basi utatuchekesha mpaka ukumbuke."

Mjomba akaitoa betri, akaikabidhi.

Kwa asubuhi kumi na moja, Mjomba naye akiwa mtumbwini, Ohnmar aligonga, na Baba hakugusa wavu. Walikaa tu, wakasubiri. Siku ya kumi na mbili, mbali kidogo, pezi lenye pengo likachomoza, na jingine dogo, la mtoto wake, ubavuni pake. Wakasogea polepole. Mkia ukapunga.

Mjomba alishika kimia, lakini Baba akamzuia mkono.

"Leo tuwaache pomboo wale samaki kwanza," alisema. Kisha akamgeukia bintiye. "Mwanangu, ukigonga unamwambia, njoo, huku ni salama. Neno hilo lilivunjika mkononi mwako. Lakini ungenyamaza, tusingejua pa kuanzia kulitengeneza. Ukikosea, sema mapema, kisha uwe na subira ya kuaminiwa tena."

Ohnmar akaitikia kwa kichwa, akagonga taratibu. Ko, ko, ko.